Mwenzetu Aliyetugawia Ugali Wake

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Wengi mlitazamia kwamba mimi, nikiwa daktari, nitazungumzia malaria. Leo nitazungumza juu ya maradhi ya ulaji, na sababu yake ni deni tunalodaiwa baadhi yetu.

Tuliokuwa bweni moja mtamkumbuka mwenzetu ambaye jina lake sitalitaja. Alikuwa wa kwanza darasani na mkimbiaji hodari. Tulipofika Kidato cha Tatu alianza kugawa chakula chake. Mezani tulikuwa wanane. Akishasogeza sahani, sisi saba tuligombea ugali na maharage yake. Tukampa jina la Mfadhili. Alikonda, akawa anavaa sweta wakati wa joto, na alfajiri kabla ya kengele alikuwa uwanjani akikimbia. Wengine walisema amerogwa, wengine walisema anaringa. Hakuna aliyemwuliza lolote. Mwishowe baba yake alikuja kumchukua.

Ndugu zangu, yule alikuwa mgonjwa. Wala ugonjwa wenyewe si wa jana. Mwaka 1689 daktari Mwingereza Richard Morton aliandika habari za wagonjwa wawili waliodhoofika bila homa wala kikohozi. Mmoja alikuwa msichana. Wa pili alikuwa mvulana wa miaka kama 16, mwana wa mchungaji, ambaye Morton aliona ameathirika kwa kusoma kupita kiasi na kwa mahangaiko ya moyo. Basi asiwepo wa kusema kwamba maradhi haya ni ya wasichana peke yao.

Yako ya namna kadhaa. Katika anoreksia mtu hujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, hata akiwa amebaki mifupa. Katika bulimia, iliyopewa jina na daktari Gerald Russell mjini London mwaka 1979, mtu hula kwa wingi pasipo kuweza kujizuia, kisha hujitapisha au hutafuta njia nyingine ya kukitoa chakula. Wapo pia wanaokula hivyo bila kujitapisha, wakabaki na aibu. Kwa hiyo mgonjwa si lazima awe mwembamba.

Msichanganye jambo hili na saumu. Mfungaji hungoja magharibi kwa furaha. Mgonjwa huyu huiogopa saa ya kula.

Mtauliza: kwa nini asile tu? Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 waliojitolea, wote wazima wa mwili na akili. Walianza kuwaza chakula mchana kutwa, wakasoma vitabu vya mapishi, wakawa na huzuni na hasira, wakajitenga na wenzao. Njaa yenyewe iliwabadili fikira. Chanzo cha maradhi haya si kimoja: kuna hulka ya kurithi, tabia ya kutaka kila jambo liwe kamili, dhihaka juu ya mwili, na misukosuko ya maisha. Lakini njaa ikishaingia, huufunga mlango kwa ndani. Kumwambia mgonjwa “acha ukaidi” hakuufungui.

Njia ya kupona ipo. Kwanza, aonwe na daktari mapema, kwa sababu moyo na madini ya damu huweza kuharibika. Aliyekaa na njaa muda mrefu asishindiliwe chakula kwa ghafla. Hilo huweza kumwua. Pili, milo irudishwe kwa saa maalumu, na asile peke yake. Kwa vijana wenye anoreksia, matibabu yaliyoonyesha mafanikio ni yale ambayo wazazi husimamia milo bila kumlaumu mtoto, mpaka apate nguvu ya kujisimamia. Tatu, apate mshauri wa kuzungumza naye juu ya hofu zake. Nne, subira. Huchukua miezi, pengine miaka, na kurudi nyuma mara moja si kushindwa. Wengi hupona.

Mwenzetu alipona. Shangazi yake, ambaye hakuwa mtaalamu wa lolote, aliketi naye kila mlo, akimsimulia habari za mashamba na majirani, wala hakuinuka kabla yake. Hospitali iliendelea kumpima. Leo ni babu wa wajukuu wanne. Ameniruhusu niyaseme haya. Nilipomwomba radhi kwa ajili ya ule ugali, alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Nilikuwa nangoja mmoja wenu aukatae.”

Vijana, hilo ndilo ninalowaachia. Mwenzako akikusogezea sahani yake siku ya kwanza, mshukuru. Akikusogezea wiki nzima, irudishe. Mwite pembeni, umwulize ana nini, na umsindikize kwa mwalimu au mganga unayemwamini. Huko si kumchongea. Nawe unayesikia kwamba nimekusema wewe, leo hii mwambie mtu mmoja.