KUSHOTO NI WAPI?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Katika barza zetu imekuwa yatosha mtu kuambiwa "huyu wa kushoto" akatengwa, na mwengine kuitwa "liberali" akapokewa kwa mikono miwili. Nasi twauliza: maneno haya yametoka wapi, na yamebeba nini?

Habari ya kushoto haina siri. Mwaka 1789, katika Baraza la Taifa la Ufaransa, wajumbe waliotaka mfalme awe na haki ya kukataa sheria zilizopitishwa walikaa mkono wa kulia wa mwenyekiti. Waliompinga wakakaa kushoto. Ni habari ya viti tu. Lau mwenyekiti angeligeuza kiti chake, leo tungeligombana kinyume chake!

Huko Denmark, wawakilishi wa wakulima walijikusanya mwaka 1870 wakajiita Venstre, yaani Kushoto. Jina wanalo hata leo, walakini chama hicho sasa huhesabiwa miongoni mwa vyama vya kulia.

Neno liberali lina vituko zaidi. Uingereza, zama za Gladstone, liberali alikuwa mtu atakaye biashara huru na Serikali itumiayo fedha kidogo. Chama hicho hicho, mwaka 1908, kilipitisha sheria ya pensheni kwa wazee maskini waliotimiza miaka 70, na mwaka 1909 Waziri wake wa Fedha, Lloyd George, akataka matajiri na wenye ardhi watozwe kodi zaidi. Marekani, tangu siku za Franklin Roosevelt, liberali ni yule atakaye Serikali iwasaidie wafanya kazi na maskini. Na katika uchaguzi wa 1988 Michael Dukakis alitupiwa neno hilo kama tusi.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi ni wa Australia. Chama cha Liberal kilianzishwa huko mwaka 1944, na kiongozi wake, Robert Menzies, alikuwa mpinzani wa Chama cha Leba. Mwaka 1951 Serikali yake iliwaomba wananchi, kwa kura ya maoni, ipewe uwezo wa kukipiga marufuku Chama cha Kikomunisti. Aliyesimama kupinga alikuwa Evatt, kiongozi wa Leba, ambaye mwenyewe hakuwa Mkomunisti. Wananchi wakakataa, kwa tofauti ndogo ya kura. Siku hiyo, ni nani aliyeutetea uhuru: mwenye jina lake, au mwengine?

Basi mwanachama akiletwa mbele ya kamati ya tawi kwa shutuma ya kuwa "wa kushoto", twaomba mshitaki aeleze: amesema nini, lini, juu ya kodi gani au ardhi gani. Hayo yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Neno "kushoto" peke yake lisiandikwe.