Mashini moja, namba moja
Maneno ya kikundi cha shughuli za vijana mbele ya mkutano wa wanachama, Kalemie



Mliomba tueleze kwa nini vijana 9 wa atelie wamekaa miezi 4 juu ya mashini moja ya treni ya bati, wakati pale sokoni mtu anamaliza vigari vitatu kwa siku. Mama mmoja aliuliza wazi: "Feza ya kasha letu inalisha mchezo wa watoto?" Ni ulizo la haki, tulijibu.

Vijana hawa hawatengenezi treni ya kubuni. Wanatengeneza mashini moja ya dizeli, yenye namba moja, vile ilivyo leo kwenye reli yetu. Mashini mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja hazifanani tena baada ya miaka 30 ya kazi. Hii imebadilishiwa mlango, ile imeongezewa taa, nyingine imechomelewa ngazi mpya. Ndiyo maana mtu anachagua namba kwanza, ndipo anashika mkasi.

Halafu kuna upana wa reli. Wengi wao walizaliwa kambini Tanzania, na waliowahi kuona treni waliiona Kigoma. Reli ya Kigoma ina upana wa milimita 1,000. Yetu, iliyofika hapa ziwani mwaka 1915, ilianza na upana huohuo, lakini mwaka 1955 ilipanuliwa kuwa milimita 1,067, ifanane na ile ya Katanga. Sisi tunatumia kipimo cha 1 kwa 20. Kwa hiyo treni ya Kigoma ingekaa kwenye milimita 50, na ya Kalemie kwenye 53. Mtasema milimita 3 ni kitu gani? Bon, wekeni gurudumu la moja juu ya reli ya nyingine, mtaona linaanguka.

Kazi yenyewe inaendeshwa hivi. Tuliomba ruhusa ya maandishi kwanza, kwa sababu hapa kwetu huwezi kusimama kwenye reli na kupiga picha ovyo. Kisha fimbo ya metre moja, iliyopakwa nyeusi na nyeupe kila sentimita 20, inasimamishwa kando ya mashini. Picha inapigwa kutoka mbali, uso kwa uso, si kwa pembeni, maana picha ya pembeni inafupisha urefu. Kwa ile fimbo unaweza kusoma kipimo cha kila kitu kwenye picha: mlango, dirisha, tangi la mafuta. Mashini ya metre 15 inakuwa sentimita 75 juu ya meza.

Wazee wetu waliofanya kazi ya reli ndio wanaosahihisha. Mekanisie mmoja wa zamani aliwaambia vijana, "Msigeuze mchoro wa kushoto mkauita wa kuume." Kumbe ni kweli: milango na matundu ya hewa ya pande mbili hayafanani, kwa sababu vitu vilivyo ndani havifanani. Akawaeleza kwamba mota ya dizeli haizungushi magurudumu yenyewe. Inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, na umeme unakwenda kwenye mota ndogo zilizo chini, kwenye ekseli. Joto linalobaki lazima litoke, ndiyo sababu ya zile nyavu kubwa ubavuni na feni juu ya paa. Na visanduku vya mchanga ni vya kumwaga mchanga mbele ya magurudumu reli ikilowa na kuteleza. Kijana akijua kazi ya kitu hawezi kukiweka mahali pasipo pake.

Vifaa ni vya hapahapa. Ubavu ni bati la bidoni ya mafuta ya kupikia. Nyavu za hewa ni wavu wa mbu wa dirisha. Vishikio vya ngazi walitaka kutumia spoku za baiskeli, lakini spoku ya milimita 2 ni sawa na chuma cha sentimita 4 kwenye mashini yenyewe, mkono haukishiki vizuri. Waya wa shaba ulio ndani ya kebo ya umeme ya 1.5 una unene wa karibu milimita 1.4, na huo unakubali. Rangi inakuja mwisho: moshi mweusi kuzunguka bomba, vumbi la kahawia la breki chini, alama ya mafuta yaliyomwagika chini ya mdomo wa tangi.

Hapo ndipo tunawajibu marafiki wafadhili. Mmoja wenu aliomba mashini ipakwe rangi mpya inayong'aa, na jina la chama liandikwe ubavuni. Kwa heshima yote, vijana na wazee wamekataa, na sisi tuko pamoja nao. Ikiandikwa jina letu si ile mashini tena. Jina la chama, na la aliyetoa msaada, litaandikwa kwenye ubao inaposimama.

Na kwako mama uliyeuliza, jibu ni hili. Milimita moja ya kosa kwenye meza ni sentimita 2 kwenye kitu cha kweli. Mlango wa nyumba uliozidi sentimita 2 hauingii kwenye fremu, na fundi anakula hasara yake. Vijana 3 kati ya hawa 9 wameanza kupokea komande za milango na madirisha ya bati kwa familia zilizorudi. Mkono ni uleule, kipimo ni kilekile. Na wazee wanaojua mambo haya wanapungua kila mwaka. Wakienda kabla hatujauliza, hakuna karatasi itakayotujibu.

Tunaomba mambo mawili. Wanachama, mkubali kwa kura leo kasha liendelee kulipa risasi ya kulehemu na rangi kwa miezi 3 mingine. Wafadhili, msitutumie mashini za kuchezea zilizokwisha kutengenezwa. Tutumieni kaliperi 2 za kupimia na misumeno midogo ya chuma. Kila feza itasomwa mbele yenu kwenye mkutano ujao.