Bei ya Petroli na Moto wa Sachangwan



Petroli itumiwayo Kenya hununuliwa ng'ambo kwa dola, kisha hutozwa kodi. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilipita dola 140. Mwisho wa mwaka bei hiyo ya dunia ilishuka sana, umaskini haukushuka.

Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu walikimbilia kuchota kwa ndoo na madebe. Moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini bila kuonekana, hata ukutane na cheche. Basi bei ipandapo, safari na zipunguzwe, mizigo ichukuliwe pamoja. Lori likianguka, kila mtu akae mbali, naye awazuie watoto.