Je, kuizoea chai ni tatizo la afya?

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya kamati za afya za parokia)



Nimeombwa kuzungumzia kitu ambacho wengi wetu tunacho mkononi sasa hivi: kikombe cha chai. Je, kuizoea chai au kahawa hata usiweze kuikosa ni tatizo la afya, au ni mazoea tu?

Nianze na ushuhuda wangu. Kila Jumatano ya Majivu nilipofunga, ikifika jioni kichwa kiliniuma na mwili ukalegea. Mwaka mmoja nilimeza dawa ya malaria bila kupima. Mwaka uliofuata nilikwenda zahanati kwanza. Nilipimwa, malaria haikuonekana. Mganga akaniuliza swali moja: “Mama, kwa siku unakunywa vikombe vingapi vya chai?” Vilikuwa sita.

Chai na kahawa zina kafeini. Kafeini huzuia kazi ya adenosini, kemikali inayouambia ubongo kwamba mwili umechoka. Uchovu hauondoki, unafichwa tu. Anayeitumia kila siku mwili wake huizoea. Akiikosa, kichwa huanza kuuma baada ya saa 12 hadi 24, na hali hiyo huweza kudumu siku 2 hadi 9. Mwaka 2013 madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani waliziingiza dalili hizi rasmi katika mwongozo wao.

Kwa hiyo jambo hili ni la kweli. Lakini tusilikuze. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kuwa miligramu 400 za kafeini kwa siku hazina wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, asiye mjamzito. Kikombe cha chai kina kama 50, cha kahawa kama 90. Kunywa chai si dhambi.

Wasiwasi wangu uko kwa makundi matatu.

Kwanza, wajawazito. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku wapunguze, ili kupunguza hatari ya mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Tena chai huzuia mwili kupata madini ya chuma, hivyo vidonge vya kuongeza damu vimezwe kwa maji.

Pili, vijana wa bodaboda na walinzi wa usiku, wanaotumia vinywaji vya kuongeza nguvu badala ya usingizi. Kopo halilali kwa niaba ya mtu.

Tatu, sisi tunaofunga. Tuanze kupunguza kikombe kimoja kimoja, wiki mbili kabla ya Kwaresima. Na kichwa kikiuma pamoja na homa, tusiseme “ni chai tu”. Twende tukapime.

Ombi langu kwa kamati ni dogo. Kwenye vikao vyetu, kando ya birika la chai tuweke maji safi na uji, hasa kwa akina mama wajawazito na watoto. Gharama yake ni ndogo, na mafundisho yetu ya afya yataonekana mezani.