Esau Mwindaji: Je, Alikuwa Mtu Mwovu?

Ndugu wasikilizaji, tumekwisha kusikia habari za Yakobo. Leo tumtazame pacha wake Esau, aliyetangulia kuzaliwa.

Kwetu Epulu jambo hili latugusa. Esau alikuwa mwindaji, na Wambuti ndugu zetu ni wawindaji. Huingia msituni na nyavu zao, hurudi na mboloko, na nyama hiyo hubadilishwa kwa ndizi na mihogo ya mashamba yetu. Hata hivyo wako wanakijiji wanaosema kwamba mtu wa msituni hana akili wala dini. Mtu wa namna hiyo akisoma habari za Esau, aweza kudhani amepata ushahidi. Basi tuwaulize walimu wa Wayahudi, ambao wamelichunguza neno hili kwa karne nyingi.

Wengi wao walimhukumu vikali. Rashi, mwalimu wa Troyes katika Ufaransa (1040–1105), alieleza kwamba Esau aliwinda hata kwa kinywa: alimwuliza baba yake jinsi ya kutoa zaka ya chumvi na ya majani makavu, vitu visivyotolewa zaka, ili aonekane mcha Mungu. Maneno hayo hayamo katika kitabu cha Mwanzo. Ni mafafanuzi ya walimu. Na ukali huo ulikuwa na sababu. Esau ni baba wa Waedomu, na baada ya Warumi kuliteketeza Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, walimu waliiita Roma kwa jina la Edomu. Walipomshutumu Esau, mara nyingi walikuwa wakimlilia mtesi wao.

Lakini walimu hao hawakuuficha wema wake. Rabi Simeoni mwana wa Gamalieli alijiona amemheshimu baba yake kuliko watu wote, kisha akakiri kwamba Esau alimpita. Yeye alimhudumia baba yake akiwa na nguo chafu, bali Esau alivaa nguo zake zilizo bora alipomhudumia Isaka.

Tena walikisikia kilio chake. Esau alipojua kwamba baraka yake imechukuliwa kwa hila, alilia kwa uchungu mwingi. Walimu wa kale walifundisha kwamba Mungu hakukisahau kilio hicho: wazao wa Yakobo walikilipa zamani za Esta, Mordekai alipolia kwa uchungu katika mji wa Shushani.

Na siku ndugu hao walipopatana, Esau alimbusu Yakobo. Katika gombo la Torati, juu ya neno hilo pana nukta, na walimu walibishana juu ya maana yake. Wengine walisema busu halikutoka moyoni. Rabi Simeoni mwana wa Yohai, ingawa alishika kwamba Esau humchukia Yakobo, alisema kuwa saa ile huruma ilimshika, akambusu kwa moyo wote.

Karibu na zamani zetu, Rabi Samson Raphael Hirsch wa Ujerumani (1808–1888) aliwalaumu wazazi: waliwalea watoto wawili wa tabia mbalimbali kwa njia moja tu, wala nguvu za mwindaji hazikuelekezwa kwenye kazi ya Mungu.

Basi, tujifunze nini? Maandiko yamlaumu Esau kwa kuidharau haki ya mzaliwa wa kwanza. Hayamlaumu kwa upinde wake. Wala tusisahau kwamba Yakobo alimwuzia mwindaji mwenye njaa bakuli la dengu kwa bei ya urithi wake. Je, wewe mwenye shamba, mwindaji ajapo mlangoni pako na njaa, wampimia ndizi kwa haki, au wangoja njaa yake ikuongezee faida? Anayetoka kwako akilia, kilio chake kinasikiwa.

Sasa mjibu pamoja nami.

Swali: Je, uwindaji ndio kosa la Esau?
Jibu: Sivyo. Kosa lake ni kuidharau haki aliyopewa.

Swali: Kwa nini walimu waliohukumu vikali walitaja pia wema wake?
Jibu: Kwa kuwa hukumu ya haki huupima wema pamoja na ubaya.

Swali: Yatupasa kuwatendeaje wawindaji?
Jibu: Kuwaheshimu kama ndugu, na kufanya nao biashara ya haki.