Dira ya Maji Haisinzii

Mwanafunzi unayetusikiliza, maji ya shule yenu yanaweza kupotea usiku, wote mkiwa mmelala. Huenda bomba limepasuka chini ya ardhi. Au koki ya chooni haifungi. Hakuna anayeona, ila dira ya maji inahesabu.

Fanyeni hivi. Jioni, koki zote zikishafungwa, someni dira na mwandike namba daftarini. Fungeni pia maji yanayoingia kwenye tangi, maana tangi likijaa usiku litawadanganya. Asubuhi, kabla mtu hajanawa, someni tena. Namba imesogea? Kama hakuna aliyetumia maji usiku, kuna mahali panavuja. Tazameni na kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa dira. Kikizunguka wakati koki zote zimefungwa, maji yanakwenda.

Sasa, akili unde (AI) inaweza kusaidia wapi? Baada ya wiki chache za kuandika, mwombeni mwalimu wa kompyuta awasaidie kuiingizia namba hizo. Iulizeni: usiku upi maji yalitumika zaidi ya kawaida? Uvujaji ulianza lini? Inaweza kuona mwenendo ambao macho yetu huupita. Lakini akili unde inakisia tu. Haioni bomba lenu. Nendeni mkakague wenyewe, kisha mwiteni fundi.

Kila tone lina thamani. Dodoma, kwa mfano, mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka. Maji mengi yanayovuja pale ni ya kisima, na yamesukumwa kwa gharama.

Tunarudia: someni jioni, someni asubuhi, kisha iulizeni akili unde. Daftari moja linatosha. Anzeni leo jioni.