Sauti Ifike, Isiumize

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja, ambaye ni fundi mitambo wa muziki, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa.)



Katibu aliniomba niseme machache juu ya kazi yangu, lakini nadhani alikuwa na lake moyoni, maana kesho asubuhi tutakaa kujadili ombi la kununua vyombo vya sauti vya shule. Karatasi ya ombi hilo mmekwisha kugawiwa. Inataja masanduku 8 ya spika za mstari, zile ambazo mafundi mitambo huziita "laini arei", pamoja na sabufa 4. Basi nimeona heri leo niseme mambo yatakayotusaidia kuamua kesho. Neno langu ni moja: chombo cha sauti hakichaguliwi kwa ukubwa wake, huchaguliwa kwa mahali kitakapofanyia kazi.

Nianze na nguvu. Watu wengi wakifika dukani swali lao la kwanza ni, "Ina wati ngapi?" Swali hilo si baya, ila halitoshi. Wati zikizidishwa mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu, na sikio huona tofauti ndogo. Ili sikio likiri kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, huhitajiwa desibeli kama 10, yaani wati mara 10. Kwa hiyo mtu anayetoka wati 1,000 kwenda wati 2,000 amezidisha bei, lakini hajazidisha sauti kwa kiasi anachodhani.

Jambo la pili ni umbali, nalo ndilo kiini cha kazi yetu yote. Spika ya kawaida hutawanya sauti kama chemli isambazavyo mwanga. Mahali palipo wazi, kila umbali unapozidi mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Sasa chukueni mtu aliyekaa mita 4 kutoka kwenye spika, na mwenzake aliye mita 64. Kutoka 4 kwenda 8, 16, 32, hata 64, umbali umezidishwa mara mbili kwa mara nne. Tofauti ni desibeli 24. Mkitaka yule wa nyuma apate desibeli 90, huyu wa mbele atapata 114. Wa nyuma anasikia, wa mbele anaumia. Na mkipunguza kwa kumhurumia wa mbele, wa nyuma atabaki kutazama midomo tu.

Tatizo hili si geni. Mwaka 1965 Beatles walipiga muziki katika kiwanja cha Shea, mjini New York, mbele ya watu wapatao 55,000, na kelele za mashabiki zikaufunika muziki. Lakini hata kabla ya hapo wataalamu walikwisha kuona njia. Mmarekani Harry Olson alieleza katika vitabu vyake kwamba vyanzo vingi vya sauti vikipangwa katika mstari mmoja, sauti yake huelekezwa kuliko ile ya chanzo kimoja. Ndiyo sababu zile spika ndefu za nguzo zilifungwa makanisani na katika kumbi za mikutano. Mwaka 1974 bendi ya Grateful Dead ya Marekani ilisimamisha nyuma ya wanamuziki ukuta wa mamia ya spika, nyingi zikiwa zimepangwa katika nguzo. Ulisikika vizuri mbali sana, lakini ulikuwa mzito na wa gharama kubwa mno, na kabla ya mwaka kwisha uliwekwa kando.

Kilichobaki kilikuwa kuielewa hesabu yenyewe. Kazi hiyo aliifanya Mfaransa Christian Heil, mwanafizikia aliyeanzisha kampuni ya L-Acoustics mwaka 1984. Mwaka 1992 yeye na mwenzake Marcel Urban waliwaeleza wahandisi wa sauti masharti yanayozifanya spika nyingi ziwe kama chanzo kimoja kirefu. Kutokana na masharti hayo ulitoka mtambo uitwao V-DOSC, na tangu hapo spika za mstari zikaenea katika majukwaa makubwa ya dunia.

Faida yake ni nini? Chanzo kirefu hakitawanyi sauti juu na chini. Huisukuma mbele kama ukuta. Maadamu msikilizaji hajavuka mpaka fulani, kila umbali unapozidi mara mbili sauti hupungua desibeli 3 badala ya 6. Tena mafundi huipinda safu hiyo kidogo mfano wa ndizi. Masanduku ya juu hukaribia kunyooka, ili mengi yaelekee mbali. Ya chini hufunguliwa zaidi, ili machache yawatazame walio karibu. Hivyo wa mbele na wa nyuma hupata sauti zisizopishana sana. Hiyo ndiyo haki ya msikilizaji, kwa maana wote wamelipa kiingilio.

Lakini, ndugu zangu, faida hiyo ina masharti mawili, na hapa nawaomba vijana wa kidato cha tatu na cha nne wafungue masikio, maana ni fizikia yao ya mawimbi.

Sharti la kwanza ni ukaribu. Umbali kati ya chanzo na chanzo usizidi nusu ya urefu wa wimbi. Sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde katika hewa yetu ya joto. Mitetemo 1,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 34 hivi, na hapo hakuna taabu. Lakini mitetemo 10,000 ina wimbi la sentimita 3 na nusu, na hakuna fundi awezaye kubana spika hadi ziachane kwa chini ya sentimita 2. Heil alilitatua jambo hilo kwa kuipitisha sauti nyembamba ndani ya njia maalumu, ambamo kila mkondo una urefu sawa na mwenzake, ikatokea kwenye mwanya mrefu kwa wakati mmoja, kama askari wa gwaride wanaovuka mstari kwa hatua moja. Sanduku lisilokuwa na njia ya namna hiyo laweza kufanana na laini arei kwa macho, lakini sauti zake nyembamba zitapigana zenyewe kwa zenyewe.

Sharti la pili ni urefu. Ule mpaka niliousema hupatikana hivi: chukueni urefu wa safu kwa mita, uzidisheni kwa wenyewe, kisha gawanyeni kwa mara mbili ya urefu wa wimbi. Safu ya mita 4, kwa mitetemo 1,000, itafikisha mpaka wake kama mita 23. Lakini kwa mitetemo 100 safu hiyo hiyo itaufikisha mita 2 na kidogo tu. Ukiuvuka mpaka huo, sauti hupungua desibeli 6 kama ya spika nyingine yoyote.

Sasa turudi kwenye karatasi yetu. Masanduku 8, manne kila upande, na kila moja lina kimo cha sentimita 25. Safu yetu itakuwa na urefu wa mita 1. Pigeni hesabu ile ile: kwa mitetemo 1,000 mpaka uko mita 1 na nusu. Hata kwa mitetemo 4,000, ambako masikio hutofautisha "s" na "f", mpaka hauzidi mita 6. Ukumbi wetu una urefu wa mita 32. Maana yake ni kwamba tutalipa bei ya laini arei, tupate kazi ya spika ya kawaida. Nimeona kumbi zaidi ya moja zilizoingia katika gharama hiyo, na masanduku yake mazuri yakawekwa juu ya vigingi sawasawa na vichwa vya watu, hata safu ya kwanza ikawa ndiyo inayomeza sauti yote.

Sabufa nazo zina mambo yake. Wimbi la mitetemo 50 lina urefu wa karibu mita 7. Wimbi refu hivyo halijui mbele wala nyuma. Hulizunguka sanduku likaenda kote. Ndiyo maana mkiweka sabufa nje, nyumba za walimu zilizo nyuma ya jukwaa hutetemeka sawa na viti vya mbele. Tena, mkizitenga, mbili kushoto na mbili kulia, kutatokea mahali ambapo safari ya sauti moja imezidi ya nyingine kwa nusu ya wimbi. Hapo moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi inatoweka. Hatua chache pembeni, besi inarudi kwa kishindo. Dawa yake ni rahisi wala haina bei: ziwekeni zote pamoja katikati, chini ya jukwaa. Na mkitaka kuwahurumia majirani, katika kila sabufa 3 moja hugeuzwa itazame nyuma, waya zake zikapinduliwa, na sauti yake ikacheleweshwa kidogo kwa hesabu. Nyuma sauti zinafutana, mbele zinaungana.

Ndugu Mwenyekiti, sasa naomba niseme jambo lililo zito kuliko fedha. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Kwa sikio mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu linaweza kuharibika bila kupasuka. Ndani kabisa mna seli zenye vinyweleo vidogo zinazopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Kazini, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama wa wafanyakazi inashauri mtu asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Fuateni hesabu hiyo, mtaona kwamba desibeli 100 zina dakika 15 tu. Kwa kumbi za burudani, Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti katika dakika 15 zozote usizidi desibeli 100. Hapa shuleni wanaokaa mbele ni watoto wa kidato cha kwanza, kwa sababu ndio wafupi. Hao ndio tutakaowaharibu masikio wakiwa na miaka 14, kisha tuwalaumu kwamba hawamsikii mwalimu.

Liko pia suala la kuning'iniza. Sanduku moja kubwa la mstari laweza kuzidi kilo 100, na safu yake hupandishwa kwa winchi za mnyororo juu ya minara iliyopimwa. Mapaa ya kumbi za shule yalijengwa kubeba mabati. Na uwanjani kuna upepo. Tarehe 13 Agosti 2011, katika maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, upepo uliangusha muundo wa jukwaa na watu 7 wakafa. Kazi hii si ya kufanywa kwa kamba ya katani na kijana aliye hodari wa kupanda miti.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kwa ukumbi, tununue spika 2 za kawaida zilizo imara, zifungwe ukutani juu ya vichwa na kuinamishwa kuelekea viti, na fundi wa ujenzi aukague ukuta kwanza. Spika zikiwa juu, hata mtu wa mbele hawi karibu nazo mno. Kisha tuongeze spika ndogo 2 mita 16 kutoka mbele, kwa ajili ya walio nyuma. Hizo ndogo zicheleweshwe milisekunde 46, ambao ndio muda wa sauti kutembea mita 16, na nyingine 10 juu yake, ili sikio liendelee kuamini kwamba msemaji yuko jukwaani. Sabufa 1 au 2 zatosha kwa ngoma na michezo ya kuigiza. Kwa uwanja, siku ya mahafali au ya tamasha, tukodi laini arei ya kweli, ndefu, pamoja na mafundi wake na minara yake. Hatuihitaji kila wiki, basi tusiifunge fedha humo.

Zitakazobaki zinunue kipimo cha desibeli kikabidhiwe maabara ya fizikia, na zisomeshe wanafunzi wawili kila mwaka kazi ya fundi mitambo. Wadogo zangu, msingoje vyombo. Utepe wa kupimia na kalamu vyatosha kuanza. Pimeni ukumbi, andikeni mahali ambapo maneno yanapotea, mtuletee hesabu hiyo kesho kabla hatujapiga kura. Mtatusaidia kuliko muuza duka.

Nimesema kwa kirefu, nanyi mmenivumilia. Mkutano ndio utakaoamua. Ninaloomba ni kwamba kila atakayenyoosha mkono kesho amfikirie kwanza yule mtoto wa mstari wa mbele, na yule mzazi aliyesafiri siku nzima akakosa kiti ila cha nyuma kabisa. Wote wawili ni wageni wetu.